Acheni Kutoboa Matundu: Uzito wa Pikipiki ya Zamani Haupo Hapo

Wiki hii nimeletewa tena, hapa gerejini Ng'ambo, Unguja, Honda CG 125 iliyokatwa kiti na kung'olewa madigadi, na mwenyewe, kijana mstaarabu tu, akanitaka nimtobolee matundu kwenye mabamba yanayoshikilia injini, kwenye mkono wa nyuma unaobeba gurudumu na, kama nitakuwa na nafasi, kwenye fremu yenyewe. "Fundi, si itapungua uzito?" Kwa kuwa nimeshalijibu swali hili mpaka nimechoka, na kwa kuwa jibu la mdomo halionekani kufika popote, naliandika hapa ili siku nyingine nimwonyeshe mtu ukurasa huu na mimi niendelee na kazi yangu.

Tuanze na hesabu, maana hesabu haina ubishi. Chukua bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na ulitoboe kwa keekee ya milimita 10. Kilichotoka hakifiki robo ya sentimita moja ya ujazo, na sentimita moja ya ujazo ya chuma ina takriban gramu 7.85, kwa hiyo kila tundu limekupunguzia gramu zisizofika 2. Toboa matundu 100, vunja ncha za keekee, maliza mchana mzima, na utakuwa umetoa gramu 185 hivi. Lita moja ya petroli ina takriban gramu 740. Matundu yako mia moja, basi, ni robo lita ya petroli, ambayo ungeipunguza bila jasho kwa kutojaza tangi mpaka shingoni.

Ingekuwa hasara ni jasho tu, ningenyamaza. Tatizo ni kwamba tundu haliondoi chuma peke yake, bali linabadilisha namna mkazo unavyopita katika chuma kilichobaki. Mwaka 1898 mhandisi wa Kijerumani, Ernst Gustav Kirsch, alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana lenye tundu la duara likivutwa, mkazo kwenye ukingo wa tundu hilo hufika mara tatu ya mkazo wa sehemu nyingine za bamba. Mara tatu, na hapo tundu limekatwa vizuri na kusuguliwa. Lile lililotobolewa kwa keekee butu na kuachwa na makovu lina hali mbaya zaidi. Sasa kumbuka kwamba injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika huitikisa fremu mara 100 kwa sekunde, yaani mara 360,000 kwa saa moja. Chuma hakivunjiki siku uliyokitoboa. Huchoka taratibu, na ufa huanzia pale mkazo ulipojikusanya.

Ufa huo ukitaka kuuona, usiutafute kwa macho makavu. Nimewahi kuletewa bamba la injini ambalo mwenyewe alilalamikia mtetemo tu, na lilionekana zima, limepigwa rangi nyeusi ya kupendeza. Tulipolisugua rangi na kulipangusa kwa petroli, petroli ikakauka kote isipokuwa kwenye mstari mmoja mwembamba kama unywele, uliotoka kwenye ukingo wa tundu la mwisho ukaelekea moja kwa moja kwenye mshono wa kuchomelea, na rangi yake ilikuwa ya kutu, maana yake ufa ule ulikuwa wa siku nyingi.

Hapo ndipo ninapoambiwa kwamba hata ndege zina matundu. Ni kweli, zina matundu, lakini mhandisi wa ndege huyaweka katikati ya bamba jembamba, mbali na kingo za juu na chini zinazobeba mzigo mkubwa wa kupinda, na mara nyingi huikunja midomo ya matundu hayo ili bamba lisilegee. Bomba la fremu ya pikipiki ni jambo jingine kabisa. Likipinda, mkazo mkubwa uko kwenye ngozi yake ya nje, juu na chini, na ukitoboa hapo umelitoboa mahali pabaya kuliko pote. Mjanja atasema atatoboa ubavuni, ambako mkazo wa kupinda ni mdogo. Sawa, lakini fremu haipindi tu, inasokotwa pia kila unapokata kona, na katika kusokotwa ubavu unafanya kazi sawasawa na mgongo. Isitoshe, hapa kwetu upepo una chumvi, na bomba lililokuwa limezibwa pande zote ukilifungulia matundu litaanza kula kutu kwa ndani, usikoona wala kufikisha brashi.

Na wale wanaoniletea picha za pikipiki za mashindano zilizotobolewa kila mahali wakumbuke kwamba pikipiki ile hufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mbio, na kifaa chenye shaka hutupwa. Ya kwako inampeleka mama sokoni Mwanakwerekwe.

Wenye Vespa nawaambia kwa kifupi. Tangu Vespa ya kwanza ya mwaka 1946 bodi yenyewe ndiyo fremu. Hakuna mabomba yaliyofichwa ndani yatakayokuokoa. Yale mashavu ya pembeni ya Vespa kubwa, kama PX, yanavuliwa bila madhara, basi vua. Kwenye zile ndogo ubavu ni sehemu ya bodi, na aliyeukata ameikata fremu.

Kilo zenyewe ziko wapi? Ziko kwenye vitu ambavyo mtu haoni fahari kuvigusa. Ekzosi ya zamani yenye kuta mbili, stendi ya katikati, kiti chenye sahani ya chuma chini yake, vishikio vya abiria, betri ya risasi. Kiti na madigadi hutengenezwa vizuri kwa faiba, na mafundi wa maboti hapa Unguja wanaijua faiba kuliko fundi yeyote wa pikipiki. Wape umbo, watakupa kazi safi. Honda walikwisha kulijua hilo mwaka 1958, walipoitoa Super Cub ikiwa na kinga ya miguu ya plastiki. Betri ya lithiamu ni nyepesi mno ikilinganishwa na ya risasi, lakini haipendi chaji inayopita volti 14.6 hivi, na vidhibiti vya chaji vya pikipiki za zamani havitabiriki. Pima kwanza injini ikiwa kasi. Kwa pikipiki zenye umeme wa volti 6, achana na jambo hilo.

Sasa nifike kwenye lile linaloniudhi kuliko matundu, nalo ni dhana kwamba kilo ni kilo, popote itokapo. Kilo iliyotoka kwenye kiti na kilo iliyotoka kwenye gurudumu hazilingani. Gurudumu, tairi, breki, sproketi ya nyuma na sehemu ya mkono wa nyuma viko chini ya springi. Vilivyobaki vyote, pamoja na wewe, viko juu yake. Ukipita kwenye tuta au shimo, gurudumu hurushwa juu, na springi inatakiwa ilirudishe chini kabla halijaiacha barabara. Gurudumu zito huchelewa kurudi, na katika muda huo mfupi huna breki wala usukani wa kuaminika. Ukitoa kilo 10 juu na usiguse chochote chini, umeufanya uzito wa chini uwe sehemu kubwa zaidi ya uzito wote, na pikipiki itaruka kwenye matuta kuliko ilipokuwa nzito. Watu hunirudia na lawama kwamba shokapu zimekufa, kumbe shokapu ni nzima.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, ningemshauri abadilishe rimu, kutoka za chuma kwenda za alumini. Faida yake ni mbili: ziko chini ya springi, na zinazunguka. Uzito ulio kwenye ukingo wa gurudumu lazima usukumwe mbele na papo hapo uzungushwe, hivyo wakati wa kuongeza mwendo au kufunga breki huhesabika karibu mara mbili. Tahadhari ni ile ile ya chumvi: alumini ikigusana na nati za chuma kwenye hewa ya pwani huliwa, na spoki zitagoma kukazwa. Paka grisi kila nati kabla ya kufunga, hata kama aliyekuuzia amekwambia hakuna haja.

Kuhusu kasi, nisieleweke vibaya. Kwenye barabara tambarare, na sehemu kubwa ya Unguja ni tambarare, mwendo wa juu kabisa huzuiwa na upepo, si uzito. Wepesi utausikia unapoondoka, unapofunga breki na unapopanda, na aliyeko Pemba kwenye vilima atafaidi kuliko aendaye Paje. Hata hapo tuwe wakweli: pikipiki ya kilo 100 yenye watu wawili wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 240, na kilo 3 ulizotoa ni asilimia 1.25. Nina shaka kama kuna mpanda pikipiki anayeweza kuitambua tofauti hiyo akifumbwa macho asione pikipiki gani kapanda. Wengi husema wanaitambua, nami huwaacha na furaha yao.

Shaka yangu nyingine ni ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Vitabu vinasema ipunguzwe ili injini ichangamke, na ni kweli huchangamka. Lakini injini ndogo ya silinda moja huitegemea flaiwili hiyo hiyo ili isizimike ikiwa taratibu, na kwenye foleni ya Darajani saa za jioni hakuna anayehitaji mchangamko. Anahitaji injini isiyozimika. Mimi siikati, ila mteja akisisitiza mno.

Kazi ikiisha, rudi kwenye springi, maana zilitengenezwa kwa pikipiki nzito uliyokuwa nayo. Pima urefu wa shokapu gurudumu likiwa limenyanyuliwa, kisha kaa juu yake tangi likiwa limejaa, na mwenzako apime tena. Inatakiwa ishuke kati ya robo na theluthi ya safari yake yote. Ikishuka pungufu ya hapo, legeza springi. Na kama umeilegeza mpaka mwisho na bado haishuki, tafuta springi laini zaidi kabla ya kutafuta gramu nyingine ya kupunguza.