Kabla ya kulivusha gari la marehemu baba pale Rusumo

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja wa Moshi akiwa na Toyota Land Cruiser FJ40 ya mwaka 1978, ile yenye milango miwili ya nyuma inayofunguka kama kabati, ambayo baba yake aliitunza kwa zaidi ya miaka thelathini hadi alipofariki. Dada yake alikuwa anaolewa Kigali, na familia ilitamani bibi harusi afike ukumbini ndani ya gari la baba. "Mzee wangu, shikamoo. Naomba uniangalizie kama litafika," aliniambia, huku akifungua boneti kabla sijamaliza kuitikia marahaba.

Kazi yangu ni kutathmini hasara za magari kwa ajili ya kampuni za bima, na kwa miaka mingi nimeifanyia Arusha, ambako magari ya watalii na ya familia huvuka mpaka wa Namanga kuingia Kenya kila siku. Kwa uzoefu huo nilimjibu kwamba swali la kufika ndilo jepesi kuliko yote. FJ40 iliyofanyiwa matengenezo kwa uaminifu itafika Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kwa njia ya Babati, Singida, Nzega na Kahama, hata kama kipande cha kilomita 92 kutoka Lusahunga hadi mpakani kitaipa springi zake kazi. Swali ambalo mwenye gari la thamani anapaswa kulikalia ni jingine: siku ambayo gari halitaweza kurudi lenyewe, ni nani mwenye haki ya kulirudisha, na ni nani atakayelipa?

Nianze na forodha, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza Januari 2005, na tangu hapo imejengeka dhana kwamba gari lililolipiwa ushuru Tanzania limelipiwa kila mahali. Sivyo. Mbali na ushuru wa forodha wa pamoja, gari hulipiwa ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani, na hizo ni mali ya nchi lilikosajiliwa. Kwa hiyo gari lenye namba za Tanzania linapoingia Rwanda, Kenya au Uganda, linaingia kwa kibali cha muda, chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kwa siku zote hizo linahesabiwa kuwa mali iliyo chini ya uangalizi wa forodha ya nchi ile. Kibali hicho hufungwa kwa njia moja ya kawaida, yaani gari kuonekana likitoka. Likiibwa, likiungua au likipinduka, kibali hakijifungi chenyewe, bali mwenye gari anatakiwa atoe taarifa polisi, aipeleke taarifa hiyo forodha, kisha ama ayasafirishe mabaki kurudi nyumbani au ayalipie kodi.

Niliwahi kushughulikia gari lililopinduka ng'ambo ya mpaka. Kampuni ya bima ililipa thamani ya gari, mteja akafurahi, kila mtu akaona jambo limekwisha. Mabaki yaliachwa kwenye uwanja wa kituo cha polisi, magurudumu yakitazama juu, na hakuna aliyekumbuka kwamba tarehe ya kibali ilikuwa inakaribia. Baada ya miezi kadhaa mteja yule alipokea barua ya kudaiwa kodi ya gari ambalo hata mlango wake mmoja haukuwa ukifunga. Tangu siku ile, kitu cha kwanza ninachomuuliza anayetaka kuvuka na gari analolipenda ni kama ana fedha ya kulibeba mgongoni mwa lori kutoka huko anakokwenda hadi nyumbani, kwa haraka, kabla kibali hakijaisha. Kama hana, ajue kwamba safari yake inategemea bahati.

Bima nayo inaeleweka vibaya. Mtu huniambia kwamba amekata Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya magari ya Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa hiyo gari lake lina bima hadi Kigali. Mpango huo, ulioanza kufanya kazi mwaka 1987, ni mzuri na ninauheshimu. Tanzania imebaki ndani yake hata baada ya kujitoa COMESA mwaka 2000, na bila kadi hiyo ungelazimika kununua bima mpya kila mpaka unaovuka. Lakini kadi hiyo inamlinda mtu wa tatu, yaani yule utakayemgonga au ambaye mali yake utaiharibu, pamoja na gharama za dharura za matibabu za waliomo ndani ya gari lako. Gari lenyewe halimo. Ukitaka gari lako lilipwe likiharibika huko, unahitaji bima kubwa, na pia uisome mikataba yake hadi ukurasa unaotaja eneo inakofanya kazi. Mikataba mingi inayopita mezani kwangu huishia ndani ya Tanzania mpaka mteja aombe nyongeza kwa maandishi, ataje nchi na tarehe, na alipie. Ahadi ya mdomo ya wakala, hata awe ndugu yako, haina uzito siku ya madai.

Kwa gari la kawaida ningeishia hapo. Kwa gari la thamani kuna suala la bei. Katika mkataba wa kawaida, kampuni hulipa thamani ya soko ya siku ya ajali, na gari la mwaka 1978 lina soko gumu kulieleza: karani akitazama umri tu ataliona chuma chakavu, ilhali mwenyewe ametumia miaka mitatu kulipiga rangi, kubadilisha bodi ya chini iliyoliwa na kutu, na kutafuta taa halisi. Dawa yake ni kulitathmini kabla ya safari, si baada ya ajali. Mtathmini alipige picha nje, ndani na uvunguni, aandike namba ya chesisi na ya injini kwa kuzisoma kwenye chuma, akusanye risiti za gereji, na kampuni ikubali kiasi hicho kwa maandishi ndani ya mkataba. Nimeona familia zikilia kwa kukosa karatasi hizi nne au tano.

Namba ya injini ninaitaja kwa uchungu, kwa kuwa ilinishika mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilivuka mpaka mmoja na gari langu la aina hiyo hiyo. Lilikuwa limetolewa injini yake ya petroli ya 2F na kufungwa 1HZ ya dizeli, jambo la kawaida kabisa kwa magari haya, ila sikuwa nimekwenda kubadilisha taarifa kwenye kadi ya usajili wa gari. Ofisa aliomba boneti ifunguliwe, akachukua kitambaa, akapangusa grisi kwenye ubavu wa injini taratibu kama mtu anayesafisha miwani, kisha akaiweka kadi kando ya ile namba na kunitazama. Hakunitukana wala hakuomba chochote. Alisema tu kwamba injini hii haimo katika kadi hii. Nililala mpakani siku mbili nikisubiri risiti ya ununuzi wa injini na barua ya polisi kutoka nyumbani, na gari likakaa uani likisubiri nami. Alikuwa sahihi, magari mengi yaliyoibwa hupita mipakani kwa injini na chesisi zisizolingana na karatasi, na ukaguzi ule ule ulionichelewesha ndio ambao ungelinusuru gari langu kama mwizi ndiye angekuwa analiendesha.

Basi nikamwomba yule kijana kadi ya gari. Aliitoa kwenye bahasha ya plastiki, imekunjwa mara mbili, na jina lililokuwamo lilikuwa la baba yake.

Hapo mazungumzo yetu yalibadilika, nami nililazimika kumweleza polepole kwa sababu nilijua nagusa msiba. Anayevuka na gari lisilo lake huombwa barua ya idhini ya mwenye gari, iliyothibitishwa na wakili, au idhini ya benki kama gari limewekwa rehani. Marehemu hawezi kutoa idhini. Anayeweza kusimama mahali pake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na katika familia hii mirathi ilikuwa haijafunguliwa, kwa kuwa ndugu wanapendana na hakuna aliyeona haja. Bima nayo ilikuwa ikikatwa kila mwaka kwa jina la baba. Gari lingepata ajali Kigali, madai yangesainiwa na nani? Malipo yangeandikwa kwa jina la nani? Kama gari lingezuiwa, ni mtoto yupi kati ya watano ambaye ofisa wa Rwanda angemkabidhi? Upendo wa ndugu, pamoja na uzuri wake wote, si hati inayoweza kuwekwa mbele ya dirisha la forodha. Na pale mpakani vishoka wapo, wenye kukuahidi kwamba kila kitu kitapita kwa malipo kidogo; mtu akiingiza gari kwa karatasi zilizotengenezwa na kishoka, amejiondolea mwenyewe haki ya kulidai litakaposhikwa.

Hata karatasi zingekuwa safi, bado ningekuwa na wasiwasi na njia ya huko mbele. Ukivuka daraja la Kagera pale Rusumo unahama upande wa barabara, kwa kuwa Rwanda huendesha kulia. Katika gari lenye usukani wa kulia unajikuta umekaa upande wa mtaro, huoni lori lililo mbele limeficha nini, na kila unapotaka kulipita unamtegemea abiria akuambie kama njia ni nyeupe. Taa zake zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za kuendesha kushoto, kwa hiyo mwanga wa chini humwagika kushoto, na usiku humpiga machoni anayekuja. Inafaa kubandika utepe mweusi kwenye sehemu ya kioo cha taa, na si madereva wengi wanaolijua hilo. Gari la kijana huyu lilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Kwenye milima ya Rwanda, likiwa limebeba watu sita na masanduku ya harusi, dramu hupata moto na pedali huanza kuzama. Hilo linaepukika kwa kushuka na gia nzito, lakini linamtaka dereva aliyelizoea gari, na aliyelizoea alikuwa baba.

Kuna pia jambo lisilo mikononi mwa dereva yeyote. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na magari ya watalii yenye namba za Kenya yaliyokuwa ndani ya nchi yakazuiwa; mpaka ule ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa mwisho wa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022. Sisemi kwamba Rusumo itafungwa wiki ya harusi. Nasema tu kwamba gari unaloweza kununua jingine hulifikirii kwa namna moja na lile ambalo alama za vidole vya baba yako bado zimo kwenye usukani wake, na kwamba kabla ya safari inafaa kusoma habari za nchi zote mbili kwa makini uleule unaosomea hali ya barabara.

Nilimshauri asiende nalo, na akakubali, ingawa nilimwona akiipapasa dashibodi kwa muda kabla ya kufunga mlango. Familia ilikwenda Kigali kwa basi. Gari lilioshwa, likapambwa utepe, na bibi harusi akapigwa picha ndani yake nyumbani Moshi kabla ya kuondoka, akiwa amekaa kiti cha mbele alichokuwa akikalia mama yake. Wiki iliyofuata ndugu wakakaa kikao na kumpendekeza kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, na shauri sasa liko Mahakama ya Mwanzo. Kadi ikishabadilishwa jina nitalitathmini gari lile, na tumekubaliana kwamba safari yake ya kwanza ya nje itakuwa Nairobi kupitia Namanga, ambako kibali na bima ya nje vitajaribiwa kwenye barabara fupi ya lami inayoendeshwa kushoto. Kwanza, hata hivyo, fundi atafungua dramu zote nne.