Tukiacha dawa, plasmidi nazo huondoka?

Swali hili huulizwa sana, na wengi hulijibu haraka: acheni kutumia antibiotiki fulani kwa muda, bakteria sugu watatoweka wenyewe. Hoja yao ina mantiki. Plasmidi ni kipande cha DNA, mara nyingi cha mviringo, kinachojinakili nje ya kromosomu (DNA kuu ya seli), na mara nyingi hubeba jeni zinazompa bakteria usugu dhidi ya dawa. Bakteria aliyeibeba hutumia nishati kuinakili na kutengeneza protini zake, kwa hiyo mara nyingi huzaana polepole kuliko mwenzake asiye nayo. Pasipo dawa, angepitwa. Wakati mwingine hupitwa kweli, lakini plasmidi nyingi zina njia za kung'ang'ania.

Chukua plasmidi F ya bakteria Escherichia coli. Ina jeni mbili zilizopakana: moja hutoa sumu, nyingine hutoa kizuia sumu. Sumu hudumu, ilhali kizuia sumu huvunjwa upesi na vimeng'enya vya seli, kwa hiyo lazima kitengenezwe upya muda wote. Seli ikigawanyika na mtoto mmoja akakosa plasmidi, hurithi sumu pamoja na akiba ndogo ya kizuizi, bila jeni ya kuiongeza. Akiba ikiisha, sumu hushambulia kimeng'enya kinachosimamia msokoto wa DNA, na seli hiyo hufa au husimama kukua. Aliyeipoteza plasmidi hapati nafasi ya kuwashinda wenzake walioibeba.

Zaidi ya hapo, mzigo wenyewe hupungua. Vizazi vikipita, mabadiliko madogo kwenye kromosomu au kwenye plasmidi huipunguzia seli gharama, wakati mwingine hadi isionekane kabisa. Kwa maoni yangu hili ndilo linalosahaulika zaidi: kadiri bakteria na plasmidi wanavyokaa pamoja, ndivyo inavyokuwa vigumu kuwatenganisha.

Kisha kuna jamii nzima ya bakteria. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kwamba bakteria hupeana jeni, na leo tunajua plasmidi nyingi huhama kwa kugusana kwa seli, hata kati ya spishi tofauti. Kwenye utumbo au maji taka, spishi inayoihifadhi vizuri huweza kuirudisha kila mara kwa jirani anayeipoteza. Jaribio la spishi moja kwenye chupa halitakuonyesha hilo.

Tena plasmidi moja huweza kubeba usugu dhidi ya dawa kadhaa na hata metali kama zebaki. Ukisitisha dawa moja, nyingine inayoendelea kutumika huilinda plasmidi hiyo.

Hata hivyo kupunguza dawa kunasaidia. Jeni ya mcr-1, inayowapa bakteria usugu dhidi ya antibiotiki iitwayo kolistini na kusafiri kwa plasmidi, iliripotiwa China mwaka 2015. Mwaka 2017 nchi hiyo ilipiga marufuku kolistini kama kiongeza ukuaji cha mifugo, na mcr-1 ikapungua sana kwa nguruwe na kwa watu. Haikuisha. Ndiyo maana ufuatiliaji wa usugu unapaswa kuifuata plasmidi yenyewe kutoka spishi hadi spishi, na kuendelea hata baada ya dawa kusitishwa.