Rituksimabu kwa wagonjwa wa MS

Mgonjwa wa MS (multiple sclerosis, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) akishamaliza dripu za steroidi na jicho lililofifia likaanza kuona tena, hushangaa nikimwambia kwamba matibabu ndiyo kwanza yanaanza. Steroidi hiyo, methiliprednisoloni, gramu 1 kwa siku kwa siku 3 hadi 5, huharakisha nafuu ya shambulio lililopo tu. Haizuii linalofuata. Na kila mara kinga ya mwili inaporudi kuula utando wa mielini unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, inaweza kuacha ulemavu usiofutika.

Dawa za kuzuia zipo tangu 1993, interferoni beta ilipoidhinishwa Marekani. Leo ni nyingi, vikiwemo vidonge, na nyingi bei yake haishikiki. Ndiyo maana naitetea rituksimabu. Madaktari wa saratani ya tezi za limfu (limfoma) wanaitumia tangu 1997. Huondoa seli B, chembe za kinga zenye alama ya CD20, shabaha ileile ya okrelizumabu, dawa iliyosajiliwa kwa MS, ila ni nafuu zaidi kwa kuwa viwanda kadhaa sasa vinatengeneza dawa za mfano wake. Haijawahi kusajiliwa rasmi kwa MS, lakini Sweden wameitumia kwa miaka mingi. Utafiti wao uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba ndani ya miaka 2 walioshambuliwa tena walikuwa asilimia 3 ya waliopewa rituksimabu, dhidi ya asilimia 16 ya waliomeza dimethili fumarati, dawa nyingine ya kuzuia MS. Julai 2023 WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya MS, pamoja na kladribini na glatirameri. Kabla ya hapo orodha hiyo haikuwa na dawa hata moja ya kuzuia MS! Daktari anayeandika barua kwa bima aitaje orodha hiyo.

Kabla ya dripu ya kwanza, nasisitiza kipimo cha homa ya ini B, na si HBsAg (kipimo cha kirusi kilichopo mwilini sasa) peke yake. Pimeni pia kingamwili za kiini cha kirusi, anti-HBc, kwani ndizo zinazofichua maambukizi ya zamani ambayo rituksimabu inaweza kuyaamsha hadi ini likashindwa kazi. Kwetu homa hiyo imeenea, kwa hiyo kipimo hiki hakirukwi. Kifua kikuu nacho kichunguzwe, na chanjo zitangulie. Siku yenyewe dripu ianze polepole, na muuguzi awe karibu: koo likiwasha au presha ikishuka, inasimamishwa papo hapo.

Mama anayepanga kubeba mimba karibuni, mara nyingi namwanzishia glatirameri.