Uzamili pekee haukufanyi mhandisi mtaalamu

Wahitimu wengi jijini Dar es Salaam huamini kwamba ukimaliza shahada ya uzamili ya uhandisi, iwe pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), mhuri wa mhandisi mtaalamu unakusubiri. Sivyo. Usajili hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na msingi wake ni shahada ya kwanza. Unaanza kama mhandisi mhitimu, kisha unafanya kazi chini ya msimamizi aliyesajiliwa, kwa kawaida miaka 3, ukiandika kila ulichofanya. Hapo ndipo watu hukwama: kumbukumbu zinajazwa mwishoni, kwa kubahatisha, na msimamizi keshahamia mkoa mwingine. Uzamili unakuongezea kina, tuseme kwenye kukokotoa misingi ya majengo juu ya udongo wa mfinyanzi. Kusaini michoro kama mhandisi mtaalamu ni habari nyingine: huko unahitaji usajili.