Kanada: si barafu tupu, wala si nchi tupu

Kijana wa jirani yetu alipopata chuo huko Winnipeg, Kanada, kikao cha kumuaga kiligeuka semina. Mmoja alimwambia atalala kwenye nyumba ya barafu. Mwingine akamwonya kuhusu dubu weupe barabarani. Shangazi yake alimnunulia makoti mawili mazito ya mtumba na kumsisitiza asiyafungie kwenye begi, ayavae, baridi isije ikamkuta mlangoni mwa ndege. Alitua mwezi wa Agosti, saa nane mchana, nyuzi joto 31. Kwenye picha ya kwanza aliyotutumia ameyatundika makoti begani kama machinga wa Kariakoo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota maneno tunayosemeana kuhusu nchi ile. Mengine ni ya kuchekesha tu. Mengine yana mizizi mirefu na yamewaumiza watu, na hayo ndiyo nitakaa nayo zaidi.

"Kule ni barafu mwaka mzima"

Kanada ina kilomita za mraba karibu milioni 10. Tanzania ingeingia humo mara 10 na nafasi ikabaki. Nchi ya ukubwa huo haina hali ya hewa moja. Tarehe 3 Februari 1947, kituo kidogo cha Snag huko Yukon kilipima nyuzi 63 chini ya sifuri. Tarehe 29 Juni 2021, kijiji cha Lytton katika jimbo la British Columbia kilipima nyuzi 49.6 juu ya sifuri, na kesho yake moto ukateketeza sehemu kubwa ya kijiji hicho. Dar es Salaam ya Februari, pamoja na fukuto lake lote, kwa kawaida huishia kwenye nyuzi 33 au 34.

Point Pelee, rasi iliyochomoza ndani ya Ziwa Erie kusini kabisa mwa Kanada bara, iko usawa mmoja na Roma. Huko watu wanalima zabibu. Na wakazi wengi wa nchi wamejipanga kwenye ukanda mwembamba wa kusini, karibu na mpaka wa Marekani. Wote kwa jumla ni kama milioni 41 tu. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Kwa hiyo ile picha ya kalenda, theluji na dubu, imepigwa mahali ambapo Wakanada wengi hawajawahi kukanyaga.

Nisimwonee shangazi lakini. Winnipeg ya Januari hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na magari huchomekwa kwenye umeme usiku kucha, kama simu, ili injini iwake asubuhi. Makoti yalikuwa sahihi. Yaliwahi tu miezi mitatu.

Na kwa ndugu zangu wa pwani niongeze hili, maana hakuna anayetusimulia. Bamvua yetu ikipanda sana hufika kama mita nne. Katika Ghuba ya Fundy, upande wa mashariki wa Kanada, maji hupanda hadi mita 16. Ni jengo la ghorofa tano. Mashua unaiona imelala tumbo kwenye tope chini kabisa ya gati, na saa sita baadaye inaelea usawa wa miguu yako. Sababu ni umbo na urefu wa ghuba yenyewe: maji yakiingia na kutoka, mwendo wake unaoana na mapigo ya bahari kuu, kama mtoto kwenye bembea anayesukumwa kila anaporudi.

"Waeskimo wanaishi kwenye iglu"

Tuanze na jina. Watu wa kaskazini ya mbali wanajiita Inuit, maana yake "watu", jambo ambalo msemaji wa lugha yoyote ya Kibantu hahitaji kufafanuliwa. Mmoja wao ni Inuk. "Eskimo" ni jina walilobandikwa na wengine, na wengi wao hawalipendi. Sisi tunalijua jambo hili vizuri: Wabarabaig wameitwa Wamang'ati miaka nenda miaka rudi, na neno hilo asili yake ni la Wamaasai, maana yake "maadui".

Iglu kwa lugha yao ni nyumba tu, iwe ya chochote. Ile ya matofali ya theluji ilikuwa makazi ya majira ya baridi kwa baadhi yao na kambi ya mwindaji safarini. Kiangazi kikifika walihamia kwenye mahema ya ngozi. Leo wanaishi kwenye nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo, kwa sababu ardhi ya chini imeganda daima na joto la nyumba likiifikia, msingi unazama.

Eneo lao la Nunavut, maana yake "ardhi yetu", lilizaliwa tarehe 1 Aprili 1999. Ukubwa wake ni zaidi ya mara mbili ya Tanzania, na wakazi hawafiki 45,000. Hakuna barabara inayoliunganisha na Kanada nyingine, wala inayounganisha miji yake 25 yenyewe kwa yenyewe. Ni ndege, na wakati wa kiangazi, barafu ikiachia, meli. Ukisikia bei ya nyanya huko, kumbuka hilo kabla ya kushangaa.

"Wazungu walikuta nchi tupu, wakaigundua"

Hapa ndipo nataka kukaa.

Mwezi Mei 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili, Erebus na Terror, kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Kanada. Watu 129 waliingia kwenye barafu ile. Hakurudi hata mmoja. Zilitumwa meli baada ya meli kuwatafuta.

Mwaka 1854 mpelelezi John Rae alikutana na Wainuit waliompa habari bila kuficha: wazungu wapatao 40 walionekana wakiburuta mashua kuelekea kusini, baadaye maiti zao zilikutwa, na hali ya miili na vyungu ilionyesha kwamba wa mwisho walikula wenzao. London ikawaka. Charles Dickens, mwandishi wa riwaya, aliandika kwa ukali kwamba maneno ya "washenzi" hayawezi kuaminiwa dhidi ya mabaharia wa Kiingereza. Rae, aliyekuwa amesikiliza tu na kuripoti, alinyimwa heshima aliyostahili.

Miaka ya 1990 wanasayansi waliichunguza mifupa iliyokutwa kwenye Kisiwa cha King William. Ilikuwa na alama za visu.

Meli zenyewe je? Wazee wa Kiinuit walikuwa wakisimulia zilipoishia, kizazi kwa kizazi. Louie Kamookak wa kijiji cha Gjoa Haven, kisiwani humo, alisikia habari hizo kwa bibi mzaa bibi yake akiwa mtoto, akatumia maisha yake kukusanya simulizi za wazee na kuziweka kwenye ramani. Septemba 2014 watafiti waliikuta Erebus kwenye kina cha mita 11 tu, katika eneo lile lile ambalo masimulizi yalilitaja. Miaka miwili baadaye ikapatikana Terror, baada ya Sammy Kogvik, mwenyeji wa hapo hapo, kuwaambia mabaharia kwamba aliwahi kuona kitu kama mlingoti kimechomoza kwenye barafu ya ghuba fulani. Walikwenda, ikawepo.

Zaidi ya miaka 160, basi, jibu lilikuwa midomoni mwa watu. Roald Amundsen wa Norway alilielewa hilo mapema: kati ya 1903 na 1905 alipiga kambi Gjoa Haven, akajifunza kwa Wainuit kuvaa ngozi, kuendesha mbwa na kujenga kwa theluji. Akawa wa kwanza kuipita njia ile ya bahari, na mwaka 1911 wa kwanza kufika Ncha ya Kusini.

Dhana ya "nchi tupu" haikuishia kaskazini. Jina Kanada lenyewe linatokana na *kanata*, neno la wenyeji lenye maana ya kijiji. Yaani aliyelichukua, baharia Mfaransa Jacques Cartier, aliambiwa waziwazi kwamba kuna watu wanaishi pale. Leo watu wa asili ni zaidi ya milioni 1.8: Wainuit, Wametis (uzao wa wenyeji na Wazungu), na wale wanaojiita Mataifa ya Kwanza, ambao vitabu vyetu vya shule viliwaita "Wahindi Wekundu". Watoto wao wapatao 150,000 walipelekwa kwenye shule za bweni za serikali na makanisa, wengi kwa nguvu, wakakatazwa lugha zao. Maelfu walifia huko. Shule za mwisho zilifungwa miaka ya 1990. Sio historia ya babu. Ni ya mtu wa umri wangu.

Na dhana hiyo iliwahi kutufikia hapa hapa. Kuanzia karibu 1970, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa Basotu, wilayani Hanang, kwa mtindo wa nyika za jimbo lao la Saskatchewan: matrekta, mavuno ya mashine, upeo wa macho. Wapangaji waliiona ardhi isiyotumika. Wabarabaig waliyaona malisho yao bora na makaburi ya wazee wao. Kadiri ya ekari laki moja zilikwenda, na makaburi mengine yakapitiwa na jembe. Ndiyo maana nasema Hanang kuna wazee ambao ukiwatajia Kanada hawawazi theluji hata kidogo.

"Zile nguzo za wanyama ni miungu yao"

Sio miungu. Nguzo za totemu za pwani ya magharibi, zinazochongwa kwenye mwerezi mwekundu na watu kama Wahaida, zinasimulia ukoo: nani alitoka wapi, ana haki ya alama gani, nani anakumbukwa. Wahaida wamegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai, na Kunguru huoa kwa Tai. Ukoo hufuata upande wa mama, kama kwa Wamakonde. Mmakonde akiiona nguzo ile ya watu na wanyama waliobebana, sidhani kama atauliza wanaabudu nini.

Wamisionari waliuliza. Serikali nayo ikapiga marufuku potlachi, karamu kubwa ambamo mwenye cheo huthibitisha heshima yake kwa kugawa mali. Sheria hiyo ilidumu kuanzia 1885 hadi 1951. Nguzo nyingi ziling'olewa zikapelekwa kwenye makumbusho ya mbali. Moja, ya Wahaisla wa pwani hiyo hiyo, iliyokatwa mwaka 1929, ilikaa Sweden mpaka iliporudishwa 2006. Wagiriama wa pwani ya Kenya, ambao vigango vyao, nguzo za kuchonga za kuwakumbuka wafu, viliibwa makaburini vikauzwa Marekani, wanaijua safari hiyo ya kwenda na ya kurudi.

"Weusi na Wahindi ni wageni wa juzi, na Kanada haikuwahi kuwa na watumwa"

Karibu mwaka 1629 aliletwa Quebec mtoto wa kiume kutoka Madagaska, akauzwa. Alibatizwa Olivier Le Jeune. Ndiye Mwafrika wa kwanza katika kumbukumbu za utumwa za huko, na alitoka kwenye bahari hii hii yetu. Utumwa uliendelea hadi ulipofutwa kwenye himaya ya Waingereza mwaka 1834. Ni kweli kwamba baadaye makumi ya maelfu walikimbilia Kanada kutoka Marekani, na Wakanada wanapenda sana kuisimulia sehemu hiyo. Hawasimulii kwa sauti ile ile habari za watu weusi karibu 1,200 waliochoshwa na ahadi hewa za ardhi huko Nova Scotia, wakapanda meli kutoka Halifax Januari 1792 na kwenda kuanzisha Freetown, Sierra Leone.

Wahindi wa Afrika Mashariki walifika kwa maelfu baada ya Idi Amin kuwafukuza Uganda mwaka 1972, wengine wakitokea Tanzania na Kenya. Naheed Nenshi, meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, ni mtoto wa wazazi waliohama kutoka Tanzania.

"Kila Mkanada anajua Kiingereza na Kifaransa"

Wanaoweza kuzungumza vyote viwili ni asilimia 18 hivi. Quebec ni Kifaransa, New Brunswick peke yake ndiyo jimbo la lugha mbili kisheria, na maeneo ya Northwest yana lugha rasmi 11, tisa kati yake za wenyeji. Wakili wa huko simwonei wivu.

"Shira ya mepo ni sukari ya kiwandani yenye rangi"

Iliyo halisi ni utomvu wa mti uitwao mepo (kwa Kiingereza maple), na wenyeji waliugema kabla ya Mzungu kufika. Mgema wa mnazi angejisikia nyumbani: mti unatobolewa mwishoni mwa majira ya baridi, usiku ukiganda na mchana ukiyeyuka, maji matamu yanadondoka kwenye ndoo. Tofauti ni kwamba hayaachwi yachachuke. Huchemshwa, lita 40 hivi zikatoa lita moja. Zaidi ya nusu ya shira yote ya mepo duniani hutoka Quebec. Na mgema wa kule hata akisifiwa vipi hawezi kulitia maji, kwani sheria inataka shira iwe na sukari isiyopungua asilimia 66.