Mafunzo kazini si lazima yawe semina ya mjini
Walimu wengi bado huamini kwamba mtu hajapata mafunzo mpaka aitwe semina, alipwe posho, arudi na cheti. Sivyo. Nchini Tanzania, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, huanzia shuleni penyewe. Walimu hukaa pamoja na kuchagua mada inayowasumbua, tuseme, katika hisabati, kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kama 1/2 na 1/3. Wanaandaa somo, mmoja anafundisha, wenzake wanatazama wanafunzi wanakwama wapi, kisha wanajadiliana. Huko si kukaguana; ukaguzi una wenyewe, wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule. Kikwazo halisi, nionavyo, ni ratiba: shule yenye walimu wachache haiwezi kumtoa mmoja akatazame somo la mwenzake bila darasa lake kubaki bila mwalimu.