Valentia ya Ireland: yasemwayo na yaliyopo

Ndugu na marafiki wanaonitembelea Ireland huja na picha moja kwenye simu: Skellig Michael, mwamba uliochongoka katikati ya Atlantiki, juu yake vibanda vya mawe vya watawa wa kale. Wakisikia kuna kituo kiitwacho Skellig Experience kisiwani Valentia, hesabu yao inakuwa rahisi: tukifika Valentia, Skellig tumefika.

Sivyo. Kituo hicho ni cha maonyesho tu, kipo pale unapomaliza kuvuka daraja linalotoka Portmagee, kijiji cha bara. Skellig yenyewe iko baharini kama kilomita 12 kutoka pwani. Boti huteremsha watu kuanzia katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba, wasizidi 180 kwa siku, na bahari ikichafuka hakuna safari. Ukishushwa, zinakungoja ngazi 618 za mawe, hakuna choo wala pa kujikinga na mvua. Mwenye kizunguzungu abaki Valentia, wala hatakuwa amepunjwa. Kosa kubwa kuliko yote ni kukiona kisiwa hiki kama kituo cha kusubiria boti.

Makosa mengine ni ya kusahihisha haraka. Visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi huku: Ireland imo Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen, hivyo Mtanzania au Mkenya anaomba visa ya Ireland yenyewe. Feri ya kutoka Reenard Point, bara, kwenda Knightstown, kijiji cha kisiwani, si lazima uipande, maana daraja lipo mwaka mzima na feri ni ya msimu tu, ingawa ni safari tamu ya dakika chache. Jina halikutoka Valencia ya Hispania. Limetokana na Béal Inse, maneno ya Kiayalandi yenye maana ya mdomo wa kisiwa. Kwa lugha hiyo kisiwa chenyewe huitwa Dairbhre. Pango kubwa la kisiwani lenye sanamu ya Bikira Maria si pango la asili, ni mdomo wa machimbo ya sleti yaliyofunguliwa mwaka 1816. Na kituo cha hali ya hewa cha Valentia, ambacho mabaharia hulisikia jina lake kwenye utabiri, usikitafute kisiwani. Kilihamishiwa bara, Cahersiveen, mwaka 1892, kikaondoka na jina lake.

Halafu kuna "nyayo za dinosaria". Mgeni wangu mmoja alishuka hadi kwenye mwamba wa pwani ya kaskazini ya kisiwa, ambako nyayo hizo husemwa zipo, akitegemea unyayo wa kutosha mtu kuketi ndani. Alichokuta ni vishimo vidogo, safu mbili zinazokwenda sambamba, kama mtoto aliyebonyeza donge la unga wa chapati kwa kidole huku akitambaa. Vidole vya mnyama havionekani. Alinitazama kama nimemtapeli.

Ila vishimo hivyo vina miaka kama milioni 385, na dinosaria walikuja zaidi ya miaka milioni 100 baadaye. Aliyepita hapo ni tetrapodi, mmoja wa wanyama wa mwanzo wa miguu minne, akijikokota kwenye tope la mto. Enzi hizo ardhi ya Ireland ilikuwa kusini mwa ikweta, upande uliko Dar es Salaam leo. Aliyezigundua nyayo hizo, mwaka 1993, alikuwa mwanafunzi wa jiolojia kutoka Uswisi, Iwan Stössel. Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini, ili vivuli vionyeshe vishimo. Saa sita mchana utaona jiwe tupu.

Sasa waya wa telegrafu, uliolazwa chini ya Atlantiki kupeleka ujumbe kwa umeme. Wengi husimulia kwamba Valentia iliunganishwa na Marekani mwaka 1858, basi, dunia ikabadilika. Kwanza, upande wa pili haukuwa Marekani bali Newfoundland, ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Pili, waya ule uliishi wiki chache tu. Ulikuwa mwembamba kama kidole: nyuzi saba za shaba zilizofunikwa kwa utomvu mgumu wa miti ya Malaya, kisha katani na chuma kwa nje. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan wa Marekani, maneno 98, zilichukua saa 16 kupita. Wildman Whitehouse, aliyesimamia mitambo, kwa taaluma alikuwa daktari wa upasuaji. Ishara zilipofifia aliongeza nguvu ya umeme, akaumaliza.

Mwaka 1865 meli Great Eastern ilijaribu tena na waya ukakatika baharini. Mwaka 1866 ikafika, tarehe 27 Julai, kijijini Heart's Content, Newfoundland. Kisha ikarudi, ikauvua kwa ndoano ule wa mwaka uliotangulia kutoka kilindini na kuuunga. Kwa ladha yangu hiyo ndiyo hadithi ya kusimulia, si ile ya 1858.

Sisi tuna sababu ya kuisikiliza: neno letu "simu" asili yake ni Kiajemi, maana yake waya, na mwaka 1879 waya wa namna hiyo ulifika Zanzibar kutoka Aden. Stesheni ya waya ya Valentia iliendelea kupokea na kupeleka telegramu hadi 1966. Jengo lake bado limesimama Knightstown, mwendo mfupi tu kutoka inapotia nanga feri.